Mfuko wa Unga katika Nchi ya Tena

Hadithi imefika mlangoni, isogezeeni kigoda ikae.

Ni ya mwanamke mmoja, jina lake Mwanamvua, aliyeamka siku moja akajikuta katika nchi iitwayo Tena. Safari yenyewe haina la kusimulia. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akamwita Siwatu, na mtoto alipofika siku ya kumi na tisa mkono wa kushoto wa mama ukaanza kuangusha vitu. Uliangusha kikombe, ukaangusha sabuni, mara ya tatu nusura umwangushe mtoto. Madaktari wakatazama ndani ya kichwa wakaona uvimbe mkubwa kama ndimu, wakapasua, wakautoa. Mwanamvua alifumba macho huku kwetu akayafumbua huko. Kichwa kimenyolewa, mshono umepita juu ya sikio kama wa kiroba cha mchele, na ubavu wake wote wa kushoto umekuwa kama wa mtu mwingine aliyekuja kulala naye kitanda kimoja.

Tena ni nchi safi, hilo lisemwe kwanza. Kuta zake zimepakwa rangi mbili, kijani chini na maziwa juu, na katikati ya rangi hizo umepita upau wa mbao wa kushikia, umelainika kwa viganja vya watu. Kila mtu huko anajifunza jambo ambalo aliwahi kulijua. Mwanamvua alimwona mzee wa makamo akisomeshwa kufunga vifungo vya shati, kifungo kimoja asubuhi nzima. Alimwona mwalimu mkuu wa shule akifundishwa kumeza uji, kidevu chini, ameze, apumzike. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Mwanamvua hakuwa amepata kuona watu wazima namna hiyo, akawa anageuza shingo huku na huku kama mtu aliyeingia sokoni mara ya kwanza.

Yeye mwenyewe alikuwa amepotelewa na maneno. Kijiko kilikuwa pale, anakiona, anajua kazi yake, ila jina halitoki. Akawa anasema "kile cha kuchotea". Mto ukawa "pale pa kichwa". Watu wa Tena walimwelewa vizuri sana, maana nusu yao ndivyo walivyosema.

Lakini kila nchi ina mambo yake.

La kwanza, huko hawaamkiani. Asubuhi hupita Karani na daftari, akasimama miguuni pa kitanda na kuuliza: unaitwa nani, hapa ni wapi, leo ni siku gani. Anayejibu sawasawa hupewa chai ya maziwa. Anayekosea hupewa ya rangi, wala si kwa kuadhibiwa. Wanaamini maziwa humlemea mtu asiyejua siku. Mwanamvua alitaja jina. Mahali alitaja. Kwenye siku akasema, leo ni siku ya thelathini na mbili. Karani akaandika: hajui. Kesho yake akasema ya thelathini na tatu. Hajui. Aliandikiwa hivyo siku nane mfululizo, anakunywa chai ya rangi, na hakukosea hata mara moja, kwa kuwa alikuwa akihesabu tangu Siwatu alipozaliwa. Siku ya tisa ilikuwa arobaini yenyewe. Kwao, siku hiyo mtoto hunyolewa nywele za tumboni na kutolewa nje akaone jua, wanawake wakaja na vibakuli vyao. Huko Tena arobaini ilipita kimya, na aliyenyolewa alikuwa mama.

Kesho yake, mzee wa kitanda cha ng'ambo alimwita. Alikuwa Mzee Mwinchande, fundi cherehani, naye kichwa chake kilipasuliwa miaka miwili nyuma na mguu mmoja ulikuwa haujamrudia wote.

"Mwanangu," akamwambia, "wape Jumatano yao, unywe maziwa. Hesabu yako ubaki nayo tumboni."

Akawapa Jumatano yao. Karani akaandika kwamba mgonjwa ameanza kupata nafuu.

La pili, jambo lisiloandikwa na Karani linahesabiwa kuwa halikutokea. Mwanamvua alilijua hilo siku aliyosimama peke yake kwa mara ya kwanza, mchana, pembeni ya kitanda, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na nne. Alipomweleza Karani kwa furaha, Karani alisikitika kweli, akasema yeye wakati huo alikuwa chumba cha tatu. Saa nne kila asubuhi hugongwa kengele ya chai ya wafanyakazi, daftari hufungwa, na kwa nusu saa nzima hakuna kinachotokea nchi nzima. Wanaoanguka wakati huo huinuka wenyewe na hawalalamiki kwa mtu.

La tatu ndilo lililomshika Mwanamvua rohoni, nalo ni Sheria ya Mzigo. Anayeingia Tena huvuliwa alichokuja nacho, kikawekwa Nyumba ya Amana, ng'ambo ya ua. Ili arudishiwe, sharti abebe uzito wa kitu chenyewe kwa mikono miwili, kutoka mstari mwekundu hadi mstari wa bluu, hatua kumi, bila fimbo na bila kugusa upau. Na amana ikitimiza siku mia na ishirini, ambazo kwa mtoto huhesabiwa tangu kuzaliwa, bila mwenyewe kuikomboa, inakuwa mali ya Nyumba, na jina la mwenyewe linafutwa juu yake.

Mzee Mwinchande alikuwa ameshafutwa. Alipoingia waliandika kuwa yeye ni fundi, kwa hiyo mzigo wake ukawa cherehani ya chuma pamoja na meza yake. Alijaribu kuwaeleza kwamba tangu ujana wake hajawahi kubeba cherehani, yeye huikalia mbele akashona. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakasema mtu asiyeweza kubeba kitu atasemaje ni chake? Basi mzee akabaki Tena, kwenye kitabu si fundi, na kila siku anashona sare za Karani na za Baraza zima la wakuu wa nchi kwa cherehani ileile. Mishono yake ilikuwa imenyooka ajabu.

"Hiyo aliyovaa Karani ni yangu," alimwonyesha Mwanamvua. "Tazama kola. Anaandika mimi siwezi, na kola inamkaa shingoni."

Kwa Mwanamvua, kilichowekwa amana ni Siwatu mwenyewe, na mzigo ulikuwa mfuko wa unga wa sembe. Siwatu alipimwa akaonekana ana kilo nne, wakajaza unga kilo nne kamili. Na kwa kuwa watu wa Tena hawapendi kumdanganya mgonjwa, kila Jumatatu mtoto aliletwa kwenye mizani ya ukumbini, akapimwa upya, na kile alichoongezeka kikaongezwa kwenye mfuko kwa upawa. Ilikuwa ndiyo mara pekee mama kumwona. Mtunza Amana alimleta amefungwa shuka nyeupe, akamlaza kwenye sahani ya mizani, akaondoka naye. Mwanamvua alikaa kwenye kiti cha magurudumu upande wa pili wa kamba, pua mbele. Mtoto alinuka sabuni ya watu wengine. Maziwa yake mwenyewe alikuwa akiyakamua na kuyamwaga, kwa sababu ya dawa za kichwa alizokuwa akimeza, mpaka yakaanza kukata. Jumatatu ya kwanza Siwatu alimtazama kama anavyotazama dirisha. Ya pili vilevile. Ya nne alimtazama, akageukia dirisha, akarudi kumtazama, na Mwanamvua alilala na hilo wiki nzima.

Mnyoosha viungo wake aliitwa Chausiku, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mkanda unga, na ni yeye tu nchi nzima aliyemwita mama Siwatu. Wengine walisema "mgonjwa", kwani jina la mama nalo lilikuwa amana. Kila siku Chausiku aliushika ule mkono wa kushoto, akaufundisha kufunguka kidole kimoja kimoja, akaupa maharage ya kuokota, akaupa vibanio vya nguo vya kubana kwenye kamba. Mkono ulijifunza. Ulijifunza kwa wiki uzito wa kama robo kilo. Na Siwatu, Mungu amkuze, alikuwa anaongezeka kwa wiki uzito wa kama robo kilo. Mwezi wa kwanza Mwanamvua aliangusha mfuko hatua ya tatu, wa pili hatua ya tatu, na wa tatu hatua ya tatu. Ukumbi ulikuwa mweupe kwa unga, na mfagiaji alianza kusimama tayari na fagio kila alipomwona anaelekea mstari mwekundu.

Alhamisi moja, siku ya mia na tano kwa hesabu ya Mwanamvua, Baraza la Mizani lilimwita. Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu, na katikati Mkuu wa Mizani mwenyewe, mtu mwenye adabu aliyemsogezea mgeni kiti kwa mkono wake. Walisema wameliona tatizo. Mjumbe mmoja, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaleta shauri lake: mama hawezi kumfikia mtoto kwa sababu mtoto hasimami kumngoja. Basi apunguziwe maziwa, asiongezeke kwa wiki mbili, mama apate kumkuta njiani. Wakaanza kulijadili. Mmoja alitaka ipunguzwe theluthi. Mwingine aliona robo inatosha. Wa nne aliuliza kama ni haki kwa watoto wengine walioko Nyumba ya Amana, ambao hawatapunguziwa. Walijadiliana kwa upole mwingi, wakiombana radhi kila wanapokatizana, na Mwanamvua alimtazama kila asemaye usoni, akitafuta yupi mwenye ubaya. Hakumwona.

Walipomgeukia, maneno yalikimbia kama kawaida yake. Akangoja. Akashika ukingo wa meza.

"Apewe kile cheupe," alisema. "Chote. Ashibe mpaka amwage. Mimi ndiye nitakayechelewa, si yeye."

Karani akaandika: mgonjwa amekataa msaada.

Alhamisi iliyofuata alikwenda mwenyewe bila kuitwa, kwa miguu, fimbo mkononi, Chausiku nyuma yake mikono imekaa tayari. Alikuwa na ombi. Aliomba mfuko afungwe mgongoni kwa mbeleko. Hilo neno, mbeleko, lilikuwa limemrudia usiku uliopita likiwa zima, na alilitamka mara mbili kwa utamu wake. Wajumbe watatu hawakuwa wamepata kufikiria jambo hilo. Wakaulizana kama kitambaa ni mkono. Kama si mkono, sheria imevunjwa, na kama ni mkono, basi mgonjwa atakuwa amebeba kwa mikono mitatu, na hiyo ni kumpendelea. Wakapiga kura. Mbeleko ikashindwa, tatu kwa mbili.

Mwanamvua hakuondoka. Alikuwa na swali, la udadisi tu, si la hasira. Akawauliza, ninyi wenyewe mlipokuwa wadogo mlibebwaje?

Mkuu wa Mizani ndiye aliyejibu, baada ya kufikiri kwa haki kabisa.

"Haikuandikwa," akasema.

Chausiku alimrudisha kitandani, akamwinulia miguu. Alipokuwa akimkanda kisigino alisema neno ambalo, ukilifikiri, kila mwanamke alikuwa analijua na hakuna aliyelisema hapo awali.

"Unga haushiki, mama Siwatu. Ndiyo maana unakuponyoka. Mtoto ukimbeba na yeye anakubeba, anakung'ang'ania. Wanakupimia maiti."

Zilikuwa zimebaki siku nane. Mwanamvua alijilaza upande wake mzima akafikiri. Alifikiri juu ya lile jibu la Mkuu, haikuandikwa, akalipindua kama mtu anavyopindua nguo kuona ndani yake imeshonwaje. Kisha akamwita Mzee Mwinchande, akamwomba amshonee mbeleko.

Mzee alichukua kanga mbili, akaziunga kwa mshono wa kurudia, akatia kamba ndefu upande mmoja na pete ya mbao upande wa pili, ili mtu mwenye mkono mmoja mzuri aweze kupitisha kamba, kuivuta na kuikaza kwa meno. Aliijaribu kwanza kwa mto. Wakati anaining'iniza kwenye upau, Karani alipita akaisifu, akauliza ni pazia la wapi.

Jumatatu ilikuwa siku ya mia na kumi na sita. Siwatu aliletwa, akapimwa, akaonekana ana kilo sita na robo, na Karani akaandika hayo. Upawa wa unga ulikuwa haujaguswa kengele ilipogongwa. Mtunza Amana, kwa kuwa amana haihamishwi wakati ambao hakuna kinachotokea, alimwacha mtoto palepale kwenye sahani, akamwomba Chausiku atupie jicho, akaenda kunywa chai. Karani akafunga daftari. Ukumbi ukabaki na wagonjwa, na mfagiaji na fagio lake.

Mwanamvua aliinama mbele, kiganja kizima juu ya upau. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa, maana hakuna kilichokuwa kinatokea. Chausiku akamnyanyua Siwatu, akamlaza juu ya ule mgongo, akatandaza kanga. Mwanamvua akapitisha kamba kwenye pete, akaing'ata, akavuta. Hofu yake haikuwa kuanguka. Alikuwa na hofu kwamba mtoto atalia, alie kama anavyolia mtoto aliyechukuliwa na mgeni.

Siwatu alilia kidogo. Kisha akaiona shingo. Nywele za kukamata hazikuwapo, kwa hiyo mkono wake ulitafuta, ukapita juu ya sikio, ukagusa mshono, ukauacha, ukakamata ukosi wa gauni la hospitali na kuushika. Magoti yake yakabana mbavu. Ubavu wa kushoto, ule uliokuwa wa mtu mwingine kwa miezi mitatu, ulisikia goti dogo likiuchimba, na Mwanamvua akajua ni ubavu wake.

Akachukua fimbo, akavuka mstari mwekundu. Hatua ya tatu mguu uliburuzika, mfagiaji akajiweka tayari kwa mazoea. Ya sita alisimama kupumua. Alivuka ule wa bluu na kuendelea, kwa sababu hakuwa amefikiria kusimama wapi.

Watu wa chai walirudi wakamkuta mlangoni pa ukumbi. Mkuu wa Mizani akaitwa, na Baraza likakaa palepale wakiwa wamesimama. Mkuu aliuliza nani kamweka mtoto pale. Chausiku akasema hakuna aliyemweka, itazamwe kwenye daftari. Karani alikuwa mtu mkweli, akasoma: mtoto yuko juu ya mizani, kilo sita na robo. Wote wakageuka kuitazama mizani. Mshale ulikuwa kwenye sifuri.

Mtunza Amana alitaka kumtoa mtoto mgongoni. Mjumbe wa miwani akamzuia, akasema ili atolewe ni lazima iandikwe kwamba alikuwepo, na ikiandikwa kwamba alikuwepo, basi amefikaje huku ng'ambo ya mstari wa bluu? Itakuwa mgonjwa amembeba. Mwingine akasema amembeba kwa fimbo, hiyo haifai. Wa nne akamjibu kuwa ili isifae ni lazima kwanza iwe imetokea. Wakalizungusha hivyo, wakiombana radhi, na Mwanamvua aliwasikiliza kwa hamu mpaka mguu ukaanza kuchoka. Mwishowe Mkuu akaamua shauri liahirishwe hadi Alhamisi, na kwa sasa kila kitu kihesabiwe kiko mahali kilipoandikwa.

Mzee Mwinchande alikuwa amekaa kwenye cherehani yake isiyo yake. Mwanamvua alimwambia waondoke pamoja, kwani na yeye mguu ulikuwa umetosha kumfikisha getini. Mzee alikitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, akakigeuza, akakirudisha.

"Nina suruali ya Mkuu," alisema. "Sijapinda pindo. Nenda, mama Siwatu. Kamba ikilegea uing'ate tena."

Getini mlinzi alikuwa na orodha ya watokao. Mwenye amana hutoka kwa cheti, asiye na kitu hupita tu. Alitafuta jina kwa kidole, akalipata, akasoma mbele yake: Mwanamvua, mgonjwa, hana mzigo. Akainua kichwa akamwona mwanamke mwenye fimbo na kichwa kidogo kikichungulia begani pake. Akaitazama tena orodha. Akafungua geti.

Chausiku alimsindikiza mpaka pale sakafu ya Tena inapokwisha, ambapo hakuna upau tena wa kushika, ni ardhi tu yenye mawe na jua. Hapo akashusha mikono yake. Mwanamvua akaenda, fimbo, mguu mzima, mguu wa kuburura. Alihesabu hatua mpaka ishirini, akapoteza hesabu.

Mahali fulani baada ya hapo mkono ulioshika ukosi ulilegea, na shavu likalala katikati ya mgongo wake, lina joto, lina mate. Na mtoto akawa mzito. Alizidi uzito ghafla, kama wanavyozidi wote wakipitiwa na usingizi, uzito ambao mizani ya Tena haikuwahi kuuona kwa sababu Siwatu hakuwahi kulala juu yake. Mwanamvua aliyumba. Akaisimika fimbo chini, akaikaza kamba kwa meno, akasimama hapo kwanza, akamwacha alale.